Michoro ya Nyanza Kabla ya Picha za Kamera

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa rasmi, na mkono wa ziwa uliokuwa ukivukwa kwa kivuko ukaanza kuvukwa kwa magari. Daraja lina urefu wa takriban kilomita 3. Siku ile ile picha zake zilienea duniani kote, na aliye mbali aliziona nguzo zake sawasawa na aliyesimama ufukweni Kigongo. Hakuna aliyestaajabu. Kuona jambo siku lilipotukia kumekuwa ada, na ada humsahaulisha mtu kuwa palikuwa na zama ambapo haikuwa hivyo.

Miaka 167 kabla ya siku hiyo, Mwingereza John Hanning Speke alikuja kutoka Kazeh, yaani Tabora, pamoja na wapagazi na Sidi Mubarak Bombay, akafuata mkono huu huu wa ziwa kuelekea kaskazini. Tarehe 3 Agosti 1858, juu ya kilima cha Mwanza, akayaona maji makuu ambayo watu wa pwani waliyaita Ukerewe na wenyeji Nyanza. Habari hiyo ilikuwa kubwa kuliko habari ya daraja lolote, maana ilizusha ubishi wa miaka mingi juu ya chimbuko la Nili. Walakini hapana jicho la Ulaya lililoiona siku ile isipokuwa la Speke. Walionunua magazeti huko walipata maneno, kisha ramani, na mwishowe michoro. Basi yafaa kuuliza: michoro ile ilitengenezwaje, na ilimwonyesha msomaji nini hasa?

Kiswahili chenyewe hakikuyatenga mambo haya. Wazee wa pwani waliita sanamu kila kitu kilichofanywa kwa mfano wa kingine, kiwe cha kuchongwa au cha kuchorwa. Neno picha lilipoingia, nalo likabeba yote mawili: picha ya kalamu na picha ya kamera. Kitenzi ndicho kinachotuokoa, kwa kuwa picha moja huchorwa na nyingine hupigwa. Tofauti hiyo ndogo ya kitenzi ndiyo kiini cha maelezo haya.

Gazeti la kwanza la kila wiki lililojengwa juu ya picha za habari ni The Illustrated London News, lililoanzishwa na Herbert Ingram tarehe 14 Mei 1842. Mpinzani wake, The Graphic, la William Luson Thomas, lilitoka Desemba 1869. Nchi nyingine za Ulaya na Marekani nazo zikawa na magazeti ya namna hiyo. Wakati huo kamera ilikwishavumbuliwa, lakini mtambo wa kuchapa haukuweza kuitoa picha ya kamera kwenye karatasi moja pamoja na herufi. Mtambo huchapa kwa kubandika wino: panapoinuka pashike wino, panapobonyea pabaki peupe. Picha ya kamera haina mwinuko wala bonde. Ina vivuli vinavyofifia polepole. Ili ichapwe, ilibidi kwanza igeuzwe kuwa mistari, na mistari ilibidi ichongwe katika mti.

Mti wenyewe ni mgumu na wenye chembe ndogo sana, ulioletwa aghalabu kutoka Uturuki na milima ya Kaukasia. Ulikatwa kwa kuupinga, si kwa urefu wake, ili patu la mchongaji lisichane nyuzi. Ufundi huo ulikuzwa na Mwingereza Thomas Bewick mwishoni mwa karne ya 18. Ila mti huo haunenepi. Kipande chake hakizidi sana kiganja. Kwa hiyo picha ya ukurasa mzima ilitengenezwa kwa vipande vingi vilivyobanwa pamoja kwa parafujo. Mchoraji wa gazeti alipaka ubao rangi nyeupe, akachora tukio zima juu yake kinyumenyume, kama mtu anavyojiona katika kioo. Ubao ukafunguliwa, kila mchongaji akapewa kipande chake: huyu mawingu, yule tanga, mwingine nusu ya umati. Walichonga usiku kucha chini ya taa. Asubuhi vipande vilifungwa tena, na fundi mkuu akapitia maungo ili mstari ulioanzia katika kipande kimoja usipotee katika kingine.

Kwa namna hii mchoro mmoja wa habari ulipita katika mikono ya watu watatu, kumi au zaidi, na mara nyingi hapakuwa na hata mmoja wao aliyeliona tukio. Aliyeliona alileta karatasi ya kalamu ya risasi, pengine imelowa mvua, yenye mistari michache na maelezo pembeni: hapa mlima, hapa watu wengi, huyu ndiye mfalme. Kilichobaki kilijazwa London. Mchoraji wa London alijua namna ya kuchora umati wenye ghadhabu, kwa kuwa alikwisha kuuchora mara nyingi. Alijua mnazi, ngao na mkuki, kwa kuwa alikuwa navyo katika makabati ya mifano. Nyanza ya Usukuma, yenye majabali ya kijivu yaliyopandana kana kwamba yamepangwa na mkono wa mtu, haikuwamo kabatini.

Mfano wa kwanza ni safari ya pili ya Speke, aliyoifanya pamoja na James Augustus Grant kuanzia mwaka 1860. Grant alifika Unguja na kamera, akapiga picha kadhaa ambazo ni miongoni mwa picha za kamera za kale kabisa za mji huo. Kisha akaiacha kazi hiyo. Dawa za picha za zama zile zilitaka hema la giza, na ndani ya hema lile joto lilikuwa halivumiliki. Akashika kalamu na rangi za maji. Michoro yake ni ya mtu mwenye subira, aliyetazama mmea kwa jani lake na nyumba kwa paa lake. Lakini kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, wasomaji wengi hawakuiona kalamu ya Grant. Waliona kazi ya Johann Baptist Zwecker, mchoraji wa Kijerumani aliyekaa London, stadi wa wanyama na wa matukio ya kusisimua, ambaye aliyachora upya yaliyoletwa. Grant alikuwa shahidi, Zwecker mkalimani. Na kila aliyewahi kufasiri shairi anafahamu kwamba mkalimani hodari ndiye wa kuchungwa zaidi, kwa sababu makosa yake hupendeza.

Mfano wa pili, ulio mzito zaidi, ni wa mwaka 1875. Henry Morton Stanley, mwandishi aliyetumwa na magazeti mawili, The Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani, alifika Kageyi, mashariki ya Mwanza, tarehe 27 Februari. Alikuwa na mashua iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, jina lake Lady Alice, na alikuwa na kamera. Tarehe 8 Machi akaondoka kulizunguka ziwa. Huko Buganda alimpiga picha Kabaka Mutesa akiwa amesimama na wakuu wake. Picha hiyo ni jambo la ajabu kwa zama zake: mfalme wa Nyanza ameletwa mbele ya kioo, naye amekubali kutazamwa, amevaa apendavyo. Hata hivyo, kitabu cha Stanley kilipochapwa mwaka 1878, msomaji hakupata picha hiyo. Alipata mchoro uliochongwa kutokana nayo, na chini yake maandishi ya kumhakikishia kuwa asili yake ni picha ya kamera. Maandishi hayo yafaa kuzingatiwa. Wachapaji walijua kwamba wasomaji walikwisha kuanza kushuku michoro, na neno kamera likatumika kama muhuri juu ya hati. Lakini muhuri ule haukusema mchongaji alibakisha nini na alitia nini.

Katika majira hayo hayo Sayyid Barghash bin Said, mtawala wa Zanzibar, alikuwa ziarani Uingereza, Juni na Julai 1875. Magazeti ya picha ya London yalimchora pia. Yeye, kwa kuwa alikuwa pale pale, alichorwa na watu waliomwona, na ambao kesho yake wangeweza kuulizwa na walioona nao. Mchoro wa mtawala aliyekaa katika mji wa wachapaji ulikuwa na mashahidi maelfu. Mchoro wa mvuvi wa Nyanza ulikuwa na shahidi mmoja, na shahidi huyo ndiye aliyekuwa mwenye kesi. Haya ndiyo yaliyotokea Bumbire.

Bumbire ni kisiwa cha upande wa magharibi wa ziwa, katika wilaya ya Muleba ya leo. Tarehe 28 Aprili 1875 Lady Alice ilitia nanga huko kutafuta chakula. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, watu wa kisiwa waliivuta mashua hadi nchi kavu ikiwa na watu ndani, wakaizunguka kwa mikuki na pinde, wakachukua makasia. Stanley akaamuru mashua isukumwe majini, akafyatua bunduki, watu wakafa, na mabaharia wakapiga maji kwa mbao walizozing'oa sakafuni mwa mashua. Tarehe 4 Agosti alirudi. Safari hii alikuwa na jeshi katika mitumbwi, akaipanga mbele ya ufuko, mbali kidogo, mahali ambapo risasi hufika na mshale haufiki, akawapiga watu waliosimama nchi kavu. Katika barua yake kwa magazeti akataja idadi ya waliouawa na ya waliojeruhiwa.

Mchoro wa Bumbire uliotangaa ni wa siku ya Aprili. Msomaji anaiona mashua ndogo imenaswa, watu wachache wamo ndani, na umati umeizingira. Moyo wake unakwenda kwa wachache. Ndivyo moyo wa binadamu ulivyo, nao wachoraji wa habari waliujua. Siku ya Agosti haina mchoro wenye nguvu kama huo katika kumbukumbu za watu, wala si rahisi kuwa nao. Bunduki zilizojipanga majini na watu wanaoanguka ufukoni bila ya kumfikia adui yao si sura iwezayo kupamba kitabu cha shujaa. Kwa hivyo mchoro haukusema uongo kuhusu Aprili. Uliifunika Agosti tu.

La kuzingatiwa zaidi ni kwamba lililomshitaki Stanley halikuwa picha, bali maneno yake. Barua zilipochapwa Agosti 1876, watu wa Uingereza walighadhibika. Novemba ya mwaka ule Kanali Henry Yule na Henry Hyndman walilisimamisha jambo hilo mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia, wakitaka kitendo kile kilaaniwe. Hoja yao ilitoka katika hesabu aliyoiandika Stanley kwa mkono wake. Mwandishi wa barua alilazimika kuhesabu: wangapi walikufa, umbali gani, saa gani. Mchoraji hakulazimika kuhesabu. Kwake umati ni umati, na aliyekufa ni umbo lililolala chini pembeni ili ukurasa upate mizani.

Watu wa Bumbire nao walikuwa na hesabu yao. Walijua majina ya waliouawa, na walijua kwa nini waliitilia shaka mashua ngeni iliyokuja bila ya kutanguliza mjumbe. Ushahidi huo haukufika kwa mchongaji, wala haungepata nafasi ubaoni kwake. Hapo ndipo lilipo deni la michoro ya zamani. Kutokuwa na kamera lilikuwa tatizo la wote. Kutoulizwa lilikuwa tatizo la upande mmoja.

Mageuzi yalikuja kwa hatua. Tarehe 4 Machi 1880 gazeti la The Daily Graphic la New York lilichapa picha ya vibanda vya maskini moja kwa moja kutoka picha ya kamera, bila ya kuchongwa upya na mtu. Siri yake ilikuwa vitone: picha ilipitishwa katika wavu mwembamba na kuvunjwa kuwa nukta kubwa na ndogo, na kila nukta ikashika wino kama herufi. Ajabu ni kuwa magazeti hayakuukumbatia ufundi huo upesi. Wachongaji walikuwa na kazi yao, mashine zilikuwa za zamani, na wasomaji wenyewe waliona picha za vitone zina giza na zimepooza zikilinganishwa na michoro iliyojaa mwendo. Toleo maalumu la The Graphic juu ya Stanley, la tarehe 30 Aprili 1890, lilitoka wakati kalamu bado ina enzi yake. Mwaka 1904 ndipo Daily Mirror la London lilipojitangaza kuwa gazeti la kila siku lenye kusimama juu ya picha za kamera.

Vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896 vilitukia katikati ya mabadiliko hayo, na vinaonyesha mpaka wake wazi. Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa ameshika jumba la kifalme. Manowari za Kiingereza zikaanza kupiga saa tatu asubuhi, na kwa muda usiotimia saa moja mambo yakawa yamekwisha. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kamera zilikuwako mjini. Studio ya A. C. Gomes ilikwisha kuwa maarufu. Lakini kamera ilikuja baadaye, ikapiga magofu: kuta zilizotoboka, mbao zilizoanguka, mnara uliovunjika. Moto wenyewe, moshi na mizinga, ulibaki kazi ya wachoraji. Hivyo habari moja ikagawanyika: mchoro ukachukua kitendo, picha ya kamera ikachukua matokeo. Aliyetazama mchoro aliona ushujaa wa wanamaji. Aliyetazama picha ya gofu aliona jumba la watu limebomolewa.

Na sisi wenye lugha hii, je, habari zetu zilionwaje? Msimulizi, lililoanza Kiungani, Unguja, mwaka 1888, na Kiongozi, lililoanza Tanga mwaka 1904, yalisimama juu ya maneno. Lakini hata kabla ya mtambo, Waswahili walikuwa na chombo chao cha kumwonyesha msikilizaji jambo asiloliona, nao ni utenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga habari za Wajerumani kuitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga za Maji Maji. Tenzi hizo zina kasoro za kila shahidi mwenye upande. Ila zina jambo moja ambalo ubao wa London haukuwa nalo: watu wake wana majina, wana wazazi, wana miji, na wakisema husema kwa ulimi wao.

Kwa upande wa Nyanza deni lililipwa kwa kuchelewa na kwa mkono mmoja. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 riwaya yake kubwa ya Kikerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kiswahili chake kilitoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Humo mnaelezwa namna ya kuvua, kulima, kupika pombe, kuoana na kuzikana, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kumstaajabisha mgeni. Riwaya si gazeti. Hata hivyo, anayetaka kuijua nchi ambayo wachoraji wa mwaka 1875 waliichora bila ya kuiona atapata kwa Kitereza kile kilichokosekana: maisha ya siku ambayo hakuna mashua ya kigeni iliyofika.

Isidhaniwe kuwa kamera ilimaliza tatizo. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walikufa maji, na picha zilizofika magazetini zilikuwa za tumbo la meli likielea juu, na za watu wamesimama ufukweni. Yaliyotokea ndani hayakupigwa picha. Yalijulikana kwa walionusurika, kwa maneno yao. Kamera hufika baada ya tukio, kama alivyofika mchoraji. Tofauti ni kwamba haiwezi kujaza isichokiona, na huo ndio uaminifu wake.

Siku hizi michoro ya Nyanza imerudi kwa wingi. Inatiwa katika vitabu vya shule, inauzwa kwa watalii imewekwa fremu, inatundikwa kutani hotelini kuwa pambo la zamani. Hapana ubaya kuitundika. Mingi ni kazi nzuri ya mikono iliyochoka. Ila mwenye kuitazama ana maswali matatu ya kuuliza. Nani aliliona jambo hili? Nani alilichora upya, na mahali gani? Na katika watu waliomo ndani ya mchoro, yupi aliulizwa? Katika mchoro wa Bumbire jibu la kwanza ni Stanley, la pili ni mafundi wa mbali, na la tatu ni hakuna. Majibu hayo yakiandikwa chini ya fremu, kwa Kiswahili kinachosomeka na wavuvi wa Muleba na watoto wa Kigongo, mchoro utakuwa umesema kweli kwa mara ya kwanza.